Dada yake alikufa kwa kifafa cha mimba. Je, mke wangu naye?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mimi nina miaka 27, naishi Kibaigwa, napakia magunia sokoni. Mke wangu ana miaka 21, ni mimba yake ya kwanza, na hivi sasa mwanzoni mwa Septemba tunahesabu wiki ya 17. Mwaka juzi dada yake, tumbo moja, alijifungulia kwao kijijini Chemba akiwa salama. Siku ya nne akalalamika kichwa, usiku akaanguka degedege, akafariki njiani. Kule kwao wanasema alitoka nje jua la saa sita kabla ya arobaini, akapitiwa na kitu. Hospitali waliandika kifafa cha mimba. Sasa mama mkwe anataka mke wangu aende kwake mwezi wa kwanza akajifungulie huko. Kutoka lami hadi kijijini ni bodaboda saa nzima, na mvua zikianza kuna korongo halipitiki. Tena amemwambia asianze kliniki mapema, mimba isije ikaonwa na watu wabaya. Mke wangu halali usiku, na mimi silali. Ugonjwa huu ni wa ukoo? Mimi kama baba kijacho nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwaka juzi ni juzi tu. Kidonda cha mkeo bado kibichi, nawe umefanya vizuri kuuliza sasa badala ya kusubiri tumbo liwe kubwa.

Ukoo una sehemu yake, lakini si kama selimundu ambayo mtoto huzaliwa nayo. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake wa damu alipata tatizo hili, uwezekano wa kulipata huwa mara mbili hadi tatu kuliko wa mwenzake asiye na historia hiyo. Mimba ya kwanza nayo inaongeza. Ukichukua wajawazito 100 popote duniani, kati ya 2 na 8 hupata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, na hiyo ndiyo inayozaa kifafa cha mimba. Wanaofika hadi kuanguka degedege ni wachache zaidi. Kwa hiyo hata ukizidisha hesabu hiyo kwa ajili ya ukoo wao, wengi walio kama mkeo hujifungua na kumaliza arobaini yao salama. Mweleze hivyo usiku akiamka. Kisha mweleze kwamba yeye ni wa kuangaliwa kwa karibu kuliko wengine, na kwamba kuangaliwa huko kunawezekana hapo hapo Kibaigwa. Dada yake hakukuwa na mtu aliyejua kwamba anahitaji kuangaliwa.

Jina la ugonjwa huu limetuletea matatizo mengi. Watu wakisikia kifafa wanakumbuka kile kifafa kingine, wanaogopa povu, wanakaa mbali na mgonjwa, wanaanza kutafuta nani kamroga. Hiki hakiambukizi, na chanzo chake ni kondo la nyuma. Katika miezi ya mwanzo mishipa midogo ya damu kwenye mji wa mimba inatakiwa itanuke ili kondo lishibe damu. Kwa wanawake wengine haitanuki ipasavyo. Kondo linalopungukiwa damu humwaga ndani ya mwili wa mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa yake yote. Mishipa inabana, presha inapanda. Figo zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, ini linavimba, na mwisho ubongo wenyewe unavimba, hapo ndipo degedege linapokuja. Ukiona mtu ameanguka, ujue jambo hilo lilikuwa likitengenezeka ndani yake kwa siku au wiki kadhaa, na mwanzoni halimuumi popote.

Hapo ndipo nataka usome polepole. Presha ya mimba haina maumivu. Mwanamke anaweza kuwa na 150 kwa 100 huku anatwanga, anateka maji, anacheka na majirani. Atakapoumwa kichwa, muda mwingi umeshapita. Nilipokuwa mkunga kijana katika zahanati moja ya kijijini, kipimo chetu cha presha kilikuwa kimepasuka mpira, na tulikaa nacho hivyo wiki kadhaa. Akaja mama mmoja wa mimba ya miezi minane, anasema kichwa kinamgonga. Nikamshika paji la uso, halina homa, nikampa vidonge vya maumivu, nikamwambia arudi Jumatatu. Alirudi Jumamosi kwa machela. Yeye alipona, mtoto hakupona. Tangu siku hiyo sijamruhusu mjamzito kutoka mlangoni pangu bila kumpima, hata kama amekuja kumsindikiza mwenzake tu.

Ndiyo maana suala la kliniki siwezi kukubaliana na mama mkwe wako, ingawa namwelewa. Amemzika mtoto. Mtu aliyezika mtoto ana haki ya kuogopa macho ya watu. Lakini kuanza kliniki si kuitangaza mimba: mkeo atajifunga khanga yake, atakwenda asubuhi, na kadi atairudisha ndani ya pochi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha. Ninyi mmechelewa wiki tano, hazitoshi kuwakatisha tamaa. Nendeni wiki hii, wewe ukiwa pamoja naye.

Nasema wiki hii kwa sababu kuna dawa yenye dirisha lake. Kwa mwanamke mwenye vihatarishi zaidi ya kimoja, kama mkeo mwenye mimba ya kwanza na dada aliyeugua, daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya kipimo kidogo, miligramu 75 kwa siku. Inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20. Kwa hesabu yenu wiki ya 20 inaangukia mwishoni mwa Septemba hii hii. Haimalizi hatari yote, lakini inaipunguza. Usiende dukani ukanunua aspirini ya watu wazima ukaikata kwa wembe. Kuna wasiotakiwa kuitumia, kwa mfano mwenye vidonda vya tumbo, na uamuzi ni wa daktari baada ya kumpima. Hapo kituo cha afya wakisema suala hilo liko juu yao, waombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya Kongwa. Ni safari fupi, na mtarudi siku hiyo hiyo.

La pili ni kalsiamu. Kwa akina mama ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku za vidonge hupunguza presha ya mimba, na walaji wengi wa ugali na mboga za majani tumo humo. Uliza kama vipo. Huku mkiuliza, ale maziwa ya mgando, ale dagaa pamoja na mifupa yao, atie ufuta kwenye mboga. Mlenda na ubuyu aendelee navyo, ni chakula chetu na kina faida. Akipewa kalsiamu na vidonge vya kuongeza damu, asivimeze kwa pamoja, maana kimoja humzuia mwenzake kuingia mwilini. Kimoja asubuhi, kingine jioni. Na vile vya damu asivisindikize na chai.

Mkifika kliniki kitu cha kwanza kumwambia muuguzi ni habari ya dada yake. Msisubiri kuulizwa. Mwambieni alikufa siku ya nne baada ya kujifungua, na hospitali waliandika nini, naye aiandike kwenye kadi, ili hata mkipokelewa usiku na mtu asiyewajua akute habari hiyo imekaa hapo. Kila hudhurio mkeo apimwe vitu viwili bila kukosa: presha na protini ya mkojo. Kile kiutepe kinachochovywa kwenye mkojo kikiisha kituoni, ulizeni kinapatikana wapi, mkapime huko. Presha ikipimwa akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, amepumzika dakika tano na haongei, ndipo namba inaaminika. Ukimshusha kwenye bodaboda ukampima hapo hapo, utapata namba ya bodaboda. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, irudiwe, na aonwe na daktari. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya saa ile ile, hata kama mkeo anasema najisikia mzima kabisa.

Kama kipato chako kinaruhusu, nunua kipimo cha presha cha nyumbani, kile cha kufunga juu ya kiwiko, wala si cha kwenye kifundo cha mkono. Kipeleke kituoni siku ya kwanza mkilinganishe na chao. Kisha kuanzia wiki ya 20 mpime mara mbili kwa wiki, uandike kwenye daftari. Wewe unayehesabu magunia kutwa huwezi kushindwa kuandika namba mbili.

Sasa dalili, na hizi ziwe kichwani mwako kama namba yako ya simu: kichwa kinachouma sana na hakipoi, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe ya moyo (wengi wakidhani ni vidonda vya tumbo), kutapika kunakoanza upya mimba ikiwa kubwa, kuvimba ghafla uso na mikono hadi pete haitoki, mkojo kupungua, kupumua kwa shida. Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida ya mimba. Uso kuvimba asubuhi si kawaida. Moja tu kati ya hizi linatosha kuondoka nyumbani, usiku au mchana. Na kichwa kikimuuma asipewe diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, hazifai mimba ikishavuka wiki ya 20. Vilevile mtoto akipunguza kucheza, damu ikitoka au chupa ikipasuka kabla ya wakati, hakuna kungoja asubuhi.

Akianguka degedege, Mungu apishe mbali, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza, shika kichwa chake kisigonge sakafu. Usimtie kijiko mdomoni. Nimeona meno yaliyovunjwa na vijiko, na nimemwona mama aliyepaliwa na maji aliyonyweshwa akiwa hana fahamu. Msimfukize kitu chochote. Degedege lenyewe kwa kawaida huisha ndani ya dakika moja au mbili, naye ataamka amechanganyikiwa, na hapo ndugu husema kapona, tulale. Hajapona. Jingine linaweza kuwa njiani.

Hospitalini watamchoma magnesiamu salfeti. Nilipoanza kazi tulikuwa tukitumia diazepamu, mama analala lakini degedege linarudi. Mwaka 1995 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba magnesiamu huzuia degedege kurudi kuliko diazepamu, na mwaka 2002 mwingine uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba ukimpa mwenye presha kali kabla hajaanguka, uwezekano wa kuanguka unapungua zaidi ya nusu. Ni sindano chungu makalioni, na ikiingia mshipani mwili huwaka joto kama mtu aliyesimama karibu na mafiga. Mwambie mkeo mapema ili asishtuke wala asikatae. Kituo cha afya kinaweza kumpa dozi ya kwanza kabla ya kumsafirisha, na mnapoambiwa mnapelekwa hospitali, ulizeni kama ameshapewa.

Lakini magnesiamu inazuia degedege tu, na dawa za presha zinashusha namba tu. Ugonjwa wenyewe unaanza kuondoka pale kondo linapotoka. Kwa hiyo mwenye tatizo hili akifika wiki ya 37 kwa kawaida anazalishwa. Likija mapema zaidi, madaktari hupima kati ya mama na mtoto, na humpa mama sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto endapo atazaliwa njiti. Ikifika huko, mahali penu ni hospitali yenye upasuaji na huduma ya watoto njiti, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Dodoma mjini au Benjamin Mkapa.

Nimesema unaanza kuondoka, sikusema umeondoka. Hapa nafika kwa shemeji yako. Alijifungua salama, watu wakapika uji, wakaona kazi imekwisha, na hakuna aliyempima presha siku ya pili wala ya tatu. Presha baada ya kujifungua mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, lakini pia wiki ya kwanza na hata baadaye ndani ya wiki sita, hata kwa mwanamke ambaye presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima. Jua la saa sita halikumfanya kitu. Alichokuwa nacho ni kichwa kilichouma siku nne baada ya uzazi, na hiyo ni dalili tunayoijua. Usilitumie hilo kumlaumu mama mkwe. Hata wenye vyeti vyetu tumechelewa sana kuisema habari ya siku za baada ya uzazi.

Wazee waliotuwekea arobaini walijua kwamba mzazi bado yuko hatarini, na hesabu yao inakaribiana mno na wiki sita zetu za hospitali. Basi itumieni arobaini hiyo. Mkeo akae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, apimwe presha kabla ya kuruhusiwa, apimwe tena siku ya tatu, siku ya saba, na mwisho wa wiki sita. Na kama ana kipimo nyumbani, kila siku kwa siku kumi za kwanza. Kichwa kikiuma ndani ya arobaini, ni safari ya kituoni, na mtoto anabebwa pamoja naye.

Mambo mengine uliyoweza kuambiwa nitayapita haraka. Kuacha chumvi kabisa hakuzuii ugonjwa huu. Kulala kitandani miezi mitatu hakuzuii, kunamdhoofisha tu. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha mboga, hakishushi presha ya mimba ya 160. Tendo la ndoa halileti kifafa cha mimba. Na ukisikia watu wanasema wajawazito wanakufa siku hizi kuliko zamani, takwimu za taifa zinasema vingine: vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Bado kila kimoja ni msiba wa nyumba fulani kama yenu, lakini njia inajulikana.

Limebaki la Chemba. Kama wiki ya 17 ni sasa, wiki ya 37 ni mwishoni mwa Januari na wiki ya 40 ni katikati ya Februari. Afanyiwe ultrasaundi mwezi huu kuhakikisha hesabu, maana kila uamuzi nilioutaja unaitegemea. Januari na Februari ni katikati ya mvua zetu. Korongo unalolisema litakuwa limejaa maji wiki ile ile ambayo mkeo atahitaji kuvuka. Kibaigwa mko juu ya lami, Kongwa ni karibu, Dodoma mjini ni takriban kilomita 90. Mkeo akipata dharura, piga 115, haina malipo. Ni mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Namba ya dereva mmoja unayemwamini pia iwe kwenye simu yako, na fedha ya mafuta uanze kuitenga kwenye ujira wa magunia kuanzia wiki hii. Tafuta na ndugu wawili walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Kwa hiyo asiende. Najua mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake, na sababu yake ni njema: anahitaji mkono wa kumkanda, wa kumpikia uji, wa kumfundisha kumshika mtoto. Mkono huo unaweza kusafiri. Mpigie mama mkwe wewe mwenyewe, kwa heshima, usimtume mkeo. Mwambie, "Mama, tunaomba uje ukae nasi Kibaigwa hadi arobaini iishe, mwanao anakuhitaji, na humu tuko karibu na hospitali." Usibishane naye habari ya jua. Mwombe tu akusimulie siku zile nne za mwisho za binti yake zilikwendaje, umsikilize mpaka amalize. Kisha mtumie nauli kabla ya Krismasi, angali anaweza kuvuka korongo.